Midimu yangu nimeifunika, imezidi kuungua

SWALI: Shikamoo mzee. Nina midimu miwili michanga uani kwangu Shela, Lamu, yanifika kiunoni. Tangu kusi ianze kuvuma, majani yanakauka pembeni na maua yanapukutika. Nilisoma kwamba Ulaya watu hufunika vichaka vya matunda, nami nikaifunika kwa nailoni. Siku ya tatu majani yakawa kama yamepikwa. Nimekosea wapi?
Mama wa Shela

JIBU: Marahaba mwanangu. Toa hiyo nailoni leo hii, usingoje kesho.

Uliyoyasoma ni kweli, ila ni dawa ya maradhi mengine. Kule, mwezi wa 4 hata wa 5, vichaka huwa vimeshatoa maua, kisha huja usiku mmoja usio na upepo wala wingu. Joto la ardhi hupanda likapotelea angani, na alfajiri jalidi, yaani barafu nyembamba, imetanda juu ya maua. Ua lililoganda halizai. Basi jioni hufunika kwa kitambaa mpaka chini, joto lisitoroke, na asubuhi hufunua.

Adui yako wewe, upepo wa kusi, hashuki usiku kutoka juu. Huja ubavuni, mchana kutwa, kabeba chumvi ya bahari. Mdimu wako hautaki kifuniko, wataka kinga ya upande. Simamisha makuti upande wa kusini, yaupite mti kwa mkono mmoja hivi, wala usiyabane yakaziba kabisa. Mimi niliwahi kujenga ukuta wa mawe. Upepo uliuruka, ukaanguka nyuma kwa kuzunguka, ukanivunjia matawi. Makuti yenye upenyo huuvunja nguvu.

Siku ya upepo mkali, jua likizama osha majani kwa maji matamu. Lakini yaonje kwanza! Hapa ndipo ninapokuhofia. Kisima kikivutwa sana munyu, yaani chumvi, hupanda, na mdimu haustahimili munyu mizizini. Ukiuonja tu, acha, tumia ya mvua. Wazee wetu hawakujenga majabia, yale matangi ya maji ya mvua, bure. Hata pipa moja chini ya mchirizi wa paa litakufaa. Tandaza makumbi ya nazi kuzunguka shina bila kuligusa. Mwani wa pwani usiutie kabla haujaoshwa.

Matawi yaliyoungua usiyakate sasa, yanaukinga mti na jua. Subiri kusi ilegee na machipukizi yatoke, ndipo utajua lipi limekufa. Na mbele ya makuti, upande wa upepo, panda mkomamanga: wenyewe huvumilia chumvi kuliko mdimu.