Mbu kumi na mmoja

Wiki yangu ya kwanza ya kukusanya mbu kando ya Ziwa Victoria, niliandika kwenye fomu kwamba mtego umenasa mbu mia tatu na ushee. Msimamizi wangu hakusema kitu. Alimwaga mfuko mzima kwenye sahani nyeupe, akachukua lenzi na kibanio, akatenga kumi na mmoja pembeni. "Hawa ndio mbu. Hao wengine umewapa cheo bure."

Mtego wa taa hauchagui, ninyi mnaoanza kazi mtaliona hilo usiku wa kwanza tu. Unachozoa kwa wingi kando ya ziwa ni wale wadudu ambao Wajaluo huwaita sami: wana miguu mirefu na umbo la mbu, ila hawaumi.

Anza na mdomo. Mbu ana mrija mrefu unaochomoza mbele ya kichwa, na hata dume asiyenyonya damu anao. Sami hana. Msiongozwe na vipapasio vyenye manyoya kama brashi, maana madume ya pande zote mbili wanavyo, na manyoya hayo yamewapoteza wengi. Kisha tazameni bawa: la mbu lina magamba madogo kwenye mishipa na ukingoni, ukiligusa linaacha vumbi kidoleni. Kuna jamii moja ya sami, Chaoborus, wenye bawa lililozungukwa na nywele, nao humchanganya hata mzoefu. Hapo rudini kwenye mdomo.

Mdudu akiwa hai ukutani, msimuue kwanza. Sami wengi wakitua huinua miguu ya mbele. Mbu huinua ya nyuma. Tena Anofelesi, anayeeneza malaria, hutua ameinamisha kichwa na kuinua mkia, wakati Kuleksi, jamii nyingine ya mbu, hulala sambamba na ukuta. Dakika moja ya kutazama hapo inaokoa nusu saa ya lenzi.

Kabla ya kupanga safari, ulizeni mwezi. Mwezi ukiandama, sami huibuka ziwani kwa wingi, mawingu yao yakionekana kwa mbali kama moshi wa moto wa nyasi, na mtego hujaa hadi mbu wachache mlionasa wanasagika. Mimi usiku huo siendi, labda nilazimishwe.

Mtoni mambo ni mengine. Penye maji ya kasi mtafute usubi: mfupi, mweusi, mgongo umevimba kama kibyongo, mabawa mapana yasiyo na madoa. Anauma mchana, kwa hiyo mtego wa taa wa usiku hautamwonyesha. Ndiye anayeeneza usubi wa macho, ugonjwa unaopofusha, na Mahenge mkoani Morogoro wanaujua vizuri. Mabuu yake hushika mawe na majani yaliyozama. Ya aina moja, Simulium neavei, hukaa juu ya kaa wa mtoni. Niliposikia hilo mara ya kwanza nilidhani nataniwa, hadi nilipogeuza kaa mwenyewe na kumwona buu amejibandika ubavuni.

Wenye mikia miwili au mitatu kama nyuzi, mabawa yamesimama wima mgongoni, wawekeni kando. Hao wakishakomaa hawali kabisa, na wengi hawamalizi siku mbili.

Jambo la mwisho ni kuhifadhi. Mbu mkavu mwekeeni karatasi laini kwenye kikopo, asilowe, kwa sababu magamba yakitoka hatambuliki tena. Mabuu ya usubi yaingie kwenye spiriti, na lebo iwe ndani ya kichupa, imeandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka. Nina vichupa sita kabatini ambavyo hadi leo sijui vilitoka mto gani.