Petroli ya E10 kwenye pikipiki ya zamani

Ndugu, umeuliza kama petroli ya E10, yaani yenye ethanoli hadi asilimia 10, itaharibu pikipiki yako ya mwaka 1978. Ukiiendesha kila wiki, injini yenyewe haitadhurika sana. Ninachokihofia ni kuilaza miezi kadhaa mafuta yakiwa ndani.

Ethanoli hufyonza unyevu wa hewani. Maji yakizidi, hujitenga pamoja na ethanoli na kutuama chini ya tangi, pale pale koki inapovuta mafuta. Tangi la chuma hushika kutu, na bakuli la kabureta huota unga mweupe unaoziba jeti, yaani vitundu vyembamba vinavyopitisha mafuta. Ile jeti ndogo ya sailensa, yaani ya injini ikinguruma bila kuvuta moto, ndiyo huwa ya kwanza kuziba.

Mipira ya enzi hizo nayo haikutengenezwa kwa ethanoli: huvimba, hukakamaa, kisha hupasuka. Tafadhali anza na hili. Badilisha paipu ya mafuta na oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) zote, uweke zinazostahimili ethanoli, kwa sababu petroli ikidondokea injini ya moto unaweza kuungua wewe na chombo. Kama tangi lako ni la faibaglasi, usiweke E10 kabisa, maana hulainisha resini yake, yaani gundi inayoshikilia nyuzi zake.

Ulaji wa mafuta utapanda kidogo, kama asilimia 3.

Kabla ya kuilaza, funga koki, fungua skrubu ya chini ya kabureta na umwage yote yaliyomo. Tangi lijaze petroli isiyo na ethanoli ukiipata; ukiikosa, likaushe kabisa.