Zamu yako ikifika, amka: kwa anayetaka kuvuka bahari kwa yoti

Tangu nirudi Moshi, vijana ninaopanda nao Mlima Kilimanjaro wananiuliza swali lilelile: "Kaka, bahari uliijulia wapi?" Jibu la kweli ni kwamba sikukua nayo. Nimezaliwa Kibosho. Kazi ya mlimani nilianza nikiwa mgumu, yaani mbeba mizigo ya wageni, misimu minne, kisha nikawa mpishi. Mgeni mmoja niliyempikia njia ya Lemosho, mojawapo ya njia za kupanda mlima huo, ndiye aliyeniita. Ana yoti yake, chombo cha matanga, Cape Town, alikuwa anatafuta watu wa mbio za kwenda Rio de Janeiro, Januari 2023, na alitaka mtu anayeweza kupika akiwa amechoka, kwenye baridi, bila kununa. Tulikuwa wanane, baharia wa kazi akiwa mmoja tu, nahodha. Siku ya ishirini na nne tukafika.

Ninamwandikia yule anayedhani mambo haya si ya watu wa bara. Ni ya kwako pia, ila kuna vitu natamani ningeambiwa kabla.

Mbio hizi zilianza mwaka 1971, na ni zaidi ya kilomita 6,000 za maji matupu. Yoti za wataalamu huzimaliza kwa kasi ya ajabu: mwaka 2014 Maserati ilitumia siku 10 na saa 11, na mwaka 2020 LoveWater, chombo chenye matumbwi matatu yaliyounganishwa, kilivuka kwa siku 7 na saa 20. Ukiwa si mtaalamu, usiyaweke hayo kichwani. Wewe unapambana na usingizi, unyevu na hasira za watu wanane waliofungiwa kwenye chumba kinacholala upande.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni njia yenyewe. Ukichora mstari kutoka Cape Town hadi Rio unapita sehemu ambayo mara nyingi haina upepo. Katikati ya Atlantiki ya Kusini hukaa mgandamizo mkubwa wa hewa, na pale kati bahari hulala kama mafuta. Upepo huuzunguka mgandamizo huo kinyume cha saa, kwa hiyo chombo hupanda kaskazini kwanza, kinauzunguka, ndipo upepo wa kusini-mashariki unakisukuma kwa nyuma kuelekea Brazili. Wenzangu wawili walihangaika kuona tunarefusha safari. Mimi nilielewa haraka, maana njia ya Machame ya Kilimanjaro inafanya vivyo hivyo: unapanda hadi mwamba wa Lava Tower, kisha unashuka kulala kambi ya Barranco, na mgeni anakasirika kwamba amepoteza urefu alioupigania. Hajapoteza kitu. Ukipanda chombo, jifunze mapema kwa nini nahodha anageuza pale anapogeuza, la sivyo kila siku ya kuzunguka utaiona kama siku ya kupotea, na moyo utachoka kabla ya mwili.

Sasa zamu. Hapa nitakaa, kwa sababu mbio zote zimo humu.

Tuligawanywa makundi mawili ya watu wanne. Usiku kila zamu ni saa nne: saa mbili hadi saa sita, saa sita hadi saa kumi, saa kumi hadi saa mbili asubuhi. Mchana ni zamu mbili za saa sita sita. Jumla ni zamu tano kwa siku, na kwa kuwa makundi ni mawili, aliyepata zamu mbaya jana leo anapumzika. Ni mpango wa haki kabisa, mradi kila mtu atokee kwa wakati. Na kutokea kwa wakati hakuna maana ya kuamka kwa wakati. Kuvaa suruali ya mvua, buti, jaketi la kuokolea maisha na mkanda wa usalama ndani ya chumba kinachoruka huchukua robo saa nzima, na mara ya kwanza hata zaidi.

Usiku wa tisa nilichelewa dakika kumi. Nilikuwa nampokea usukani mama mmoja, mwalimu mstaafu wa Durban. Nilipotoka nje nikamkuta mikono imekakamaa, mvua ikimpiga usoni, na hakusema neno. Aliniachia usukani, akashuka. Dakika kumi kwa mtu aliyelala si kitu. Kwa mtu aliyesimama gizani kwa muda wa saa nne akihesabu ni wizi, na mimi ndiye niliyemwibia. Asubuhi nilimwomba radhi mbele ya wote, kwa sababu kosa langu lilikuwa limewagusa wote. Tangu usiku huo niliamka nusu saa kabla, nikachemsha chai ya tangawizi, nikatoka na vikombe dakika tano kabla ya saa. Mlimani ndivyo tunavyofanya kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele: mgeni anaamshwa kwenda kileleni, anakuta chai tayari, hajui kwamba mpishi hakulala. Hiyo tabia ninayo miaka mingi, na bado nilihitaji uso wa yule mama ili nijue kwamba inahitajika huku pia.

Kwa hiyo ukiniuliza ujiandae kwa nini, sitakwambia misuli. Jizoeze kulala kwa saa tatu na kuamka mara ya kwanza unapoguswa bega. Jizoeze nyumbani, kwa mwezi mzima.

Kichefuchefu kitakupata, hasa siku tatu za mwanzo, maana ukitoka Cape Town unakutana na upepo mkali na maji ya baridi ya mkondo wa Benguela. Dawa ya kuzuia kutapika inywewe ukiwa bado nchi kavu. Ukisubiri mpaka tumbo ligeuke, umechelewa. Kunywa maji kidogo kidogo hata kama yanarudi. Ukiweza omba usukani, kwa sababu anayeshika usukani anatazama mbali na mwili unajua wimbi linakuja. Ukitapika, tapika upande ambao upepo unaelekea, ukiwa umejifunga mkanda. Hili la mkanda halina mjadala: usiku mkanda haufunguliwi kwa sababu yoyote. Mtu aliyeanguka majini gizani, chombo kikiwa kinakwenda, ni vigumu mno kumwona tena.

Nguo: seti moja kavu, ndani ya mfuko wa nailoni, ya kulalia tu. Usitoke nayo nje hata kwa dakika moja. Wagumu wote wanalijua hili, sina haja ya kulirefusha. Kitu ambacho wagumu hawakijui ni vidonda vya chumvi. Ukikaa na suruali yenye maji ya bahari wiki nzima, makalio na viganja vinachubuka na havifungi. Jifute kwa kitambaa chenye maji ya kunywa kila unapotoka zamu, paka poda, ulale. Maji ya kunywa yalikuwa yakichujwa na mashine kutoka baharini, na nahodha hakutunyima kikombe cha kujifutia.

Chakula kiwe cha moto, na kiwe kwa saa zilezile. Mboga mbichi zilituishia siku ya kumi. Baada ya hapo ni chakula kilichokaushwa, na watu huanza kugombana kwa sababu ya ladha, ingawa wanadhani wanagombana kwa sababu ya matanga. Nilichemsha uji kila alfajiri. Ugomvi ulipungua.

Kujifunza unaweza kuanzia hapahapa. Nilijifunza kuogelea nikiwa mtu mzima, bwawani mjini Moshi, pamoja na watoto. Msimu wa masika, wageni wanapopungua, nilikuwa napanda basi kwenda Tanga na kutoka na wavuvi. Wao ndio walionifundisha henza, kamba ya kupandishia tanga, na demani, kamba ya kulivutia na kulilegeza, wakaniwekea mkono wangu kwenye kamba mpaka niusikie upepo. Amri za kwenye yoti zilitolewa kwa Kiingereza, lakini mkono haukuwa mgeni. Mafunzo ya kujiokoa baharini yanatolewa Chuo cha Bahari Dar es Salaam; usiende bila hayo. Na kabla ya kukubali mwaliko wowote, uliza kwa maandishi nani analipa bima, chakula, na tiketi ya kurudi. Mbio zinaishia ng'ambo ya bahari. Mimi niliuliza, na aliyenialika alifurahi kwamba nimeuliza.

Usiku wa mwisho upepo ulikata karibu na Cabo Frio. Kwa muda wa saa kumi na moja tulikaa tukitazama taa zilezile za pwani, matanga yakipigapiga. Hapo ndipo nilipoona watu wazima wakilia kwa uchovu, nami nililia. Kisha upepo ukarudi mchana, tukauona mlima wa Pão de Açúcar, tukavuka mstari jua likizama, tukafunga kamba, tukala, kila mtu akaenda kulala kitanda kisichotikisika.

Saa sita kasoro dakika chache za usiku nikazinduka. Hakuna aliyenigusa bega. Nilivaa jaketi, nikachemsha maji, nikatoka nje na vikombe viwili. Yule mama wa Durban alikuwa ameketi pembeni ya usukani, amevaa buti. Akapokea chai, akanisogezea nafasi, na tukakaa hapo mpaka saa kumi.