Kisima cha pamoja: kina cha maji kinapimwaje?

SWALI: Kisima chetu cha bomba, Pemba, tunakitumia kaya kadhaa. Tutajuaje maji yanashuka kabla pampu haijavuta hewa?

JIBU: Pimeni alfajiri, pampu ikiwa imezimwa usiku kucha, ikivuta, kina mnachosoma ni cha uongo. Fungeni nati ya chuma kwenye utepe wa kupimia (risasi ya mshipi iacheni, ni sumu), pakeni chaki mita ya mwanzo, teremsheni mpaka alama ya mita kamili, tuseme 15, ilingane na ukingo wa bomba la kisima. Chaki ikilowa sentimita 40, maji yapo mita 14.60 chini ya ukingo. Kila mara pimieni ukingo uleule, mlinganishe: namba ikikua, maji yanashuka.

Karibu na pwani msizembee: maji baridi (yasiyo na chumvi) yakishuka mita 1, maji ya chumvi yaliyo chini yake yanaweza kupanda hadi mita 40. Punguzeni saa za pampu mapema.