Nyie mnaoanza kusoma Jefferson na mambo ya dini, angalieni tarehe kwanza

Nawaandikia nyie mnaoanza historia ya Marekani na mmeshapewa ile mada ya Thomas Jefferson na dini, maana mimi nilipita hapo na nikaumia. Asaimenti yangu ya kwanza niliandika kwa kujiamini kabisa kwamba katiba ya Marekani imeweka "ukuta" kati ya kanisa na serikali, tena nikalifungia neno kwenye alama za nukuu. Lekchara akazungushia peni nyekundu, pembeni akaandika maneno mawili tu, ibara gani? Nikaipekua ile katiba juu mpaka chini, ukuta haumo.

Kumbe uko kwenye barua. 1 Januari 1802 Jefferson akiwa rais aliwajibu Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, na humo ndo akasema rekebisho la kwanza la katiba (lile la 1791 linalokataza Bunge kuweka dini rasmi au kuzuia watu kuabudu) limejenga ukuta. Ni maelezo yake yeye, na Bunge lilipokuwa linalijadili hilo rekebisho 1789 yeye hata hakuwepo, alikuwa Paris anaiwakilisha nchi yake. Majaji wa Mahakama ya Juu ndo walikuja kuuokota huo mfano baadaye, kesi ya Reynolds 1879 halafu Everson 1947, na hapo ndo ukawa maarufu mpaka sisi tukadhani ni ibara.

Sasa angalia aliyeandikiwa, maana utamu wote upo hapa. Sisi tuliokulia kwenye "serikali haina dini" tunasoma haraka tunaona kama watu wa dini walikuwa wanabanwa, wakati hao Wabaptisti ndo walikuwa wanautaka huo ukuta! Connecticut ilikuwa bado na kanisa lake la kiserikali, la Congregational (dhehebu la Kiprotestanti), na liliendelea mpaka 1818 kwa sababu rekebisho la kwanza wakati huo lilibana Bunge la taifa tu, majimbo hayakuguswa. Mbaptisti wa pale alikuwa anaabudu kama vile amefanyiwa hisani, na ndicho walichomlalamikia rais. Halafu siku mbili tu baada ya barua, Jumapili, Jefferson huyohuyo akaenda kusali ndani ya ukumbi wa Bunge, mhubiri ni Mbaptisti John Leland, ambaye alikuwa amemletea kutoka Massachusetts jibini la zaidi ya kilo 500 (sitanii, jibini kweli). Kwa hiyo ukiandika kwamba Jefferson aliichukia dini umekwama, na ukiandika alitaka taifa la Kikristo pia umekwama.

Imani yake mwenyewe ndo ngumu zaidi. Uchaguzi wa 1800 wapinzani walimwita asiyeamini Mungu, yeye akakaa kimya hadharani, ila 1803 akamwandikia rafiki yake Benjamin Rush kwamba yeye ni Mkristo kwa maana ile tu ambayo Yesu mwenyewe aliitaka. 1819 akamwambia mtu mwingine kwamba yeye ni dhehebu la peke yake. Na 1820, mzee wa miaka 77, akamaliza kazi ya kukata Injili nne kwa kisu na kubandika vipande alivyovitaka, kwa Kigiriki, Kilatini, Kifaransa na Kiingereza, mafundisho yakabaki, kufufuka kukaenda na maji, habari inaishia jiwe linaviringishwa kaburini basi. Hakuichapisha. Mtu anayeficha hivi usimhukumu kwa nukuu moja.

Na nukuu zenyewe msiokote kwenye picha za mitandaoni, nyingi ni feki, watu wa Monticello (nyumba yake, sasa makumbusho) wanaweka orodha ya maneno aliyosingiziwa na barua halisi ziko bure kwenye tovuti ya Founders Online. Someni pia sheria ya Virginia ya 1786, aliyoiandika yeye na rafiki yake mwanasiasa James Madison akaisukuma mpaka ikapita, inayoanza kwa kusema Mungu aliumba akili ya mtu ikiwa huru, na jiandaeni kwa swali la lekchara kwamba aliyeandika hayo alimiliki watumwa zaidi ya 600 maishani mwake, mimi niliulizwa nikabaki natoa macho.

Kitu cha mwisho, tafuteni na drafti ya ile barua ya Danbury. Jefferson alikata mistari kadhaa kuhusu kwa nini hatangazi siku za kufunga na kushukuru kama marais waliomtangulia, na pembeni akaandika kwamba anaiondoa isije ikawakwaza wenzake wa chama wa majimbo ya mashariki. Yaani siasa tupu. Ile mistari aliifuta kwa wino kiasi kwamba 1998 maabara ya FBI ndo ikasaidia kuisoma. Mimi niliikuta wiki moja baada ya kukabidhi kazi.