Dai za kujazia risasi za .38 na .357: weka pete
Bwana mdogo, umeuliza kama dai (vyuma vya mashine ya kujazia upya maganda ya risasi) ulizoseti huko Texas kwa risasi za .357 Magnum zitafaa zile za .38 Special. Ya kurudisha ganda kipimo iache ilivyo. Ya kutanua mdomo na ya kukandamizia kichwa cha risasi kwenye ganda ndizo za kushusha, maana ganda la .38 ni fupi kwa milimita 3.4 hivi. Au ziseti kwa .38, ukirudi Magnum unaweka pete ya unene huohuo chini ya nati ya dai. Ningekukerezea ya shaba hapa karakana Dodoma, ila nauli ya posta itaizidi pete. Maganda yawe urefu mmoja, la sivyo moja litabana kichwa cha risasi, jingine litalegea. Na kipimo cha baruti cha Magnum usikitie kwenye .38, hata ukiona nafasi imebaki.