Goti limepona, paja bado limelala

Ukifanyiwa upasuaji wa ligamenti ya mbele ndani ya goti (ACL, utepe unaoshikilia mifupa ya goti), kila utakayekutana naye Shangani, Mtwara, atakupa pole ya goti. Kumbe kazi kubwa iko pajani.

Kwangu maumivu yalipungua mapema, ila kuchechemea kukabaki. Fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akaniwekea kiganja juu ya paja, akasema, "Kaza, kaka." Nikakaza kwa nguvu zote, paja likabaki laini kama mkate wa kumimina. Akanieleza kuwa goti likivimba, taarifa za neva zake huuzima msuli mkubwa wa mbele ya paja, hata kama haukuguswa na kisu. Misuli ya nyuma ya paja nayo hujikaza kulilinda goti. Ndiyo maana unatua kisigino goti likiwa limekunjwa, hatua inakuwa fupi, na mguu wa pili unabebeshwa mzigo.

Kwa hiyo anza na kulinyoosha goti. Weka kisigino juu ya taulo lililokunjwa, goti lining'inie, kisha kaza paja kwa sekunde tano na kuachia. Rudia mara nyingi kwa siku, hata ukiwa barazani unapiga soga.

Gongo la kutembelea usilitupe kwa kuona haya. Lishike mkono wa upande wa mguu usiopasuliwa. Hatua chache zilizonyooka zina faida kuliko kuchechemea hadi sokoni. Tua kisigino kwanza, na mwambie mtu akurekodi kwa simu kutoka ubavuni, utashangaa.

Mchanga wa ufukweni wengi wanausifia, mimi niliuacha kwa muda. Ule laini unaliyumbisha goti, na ule mgumu maji yakipwa umelala upande. Lami asubuhi, kabla jua la Mtwara halijawaka, ilinitosha. Jioni goti likivimba, kesho yake punguza.

Mpira uwanjani Nangwanda Sijaona usubiri. Ligamenti mpya ni kano iliyotolewa kwingine, mara nyingi nyuma ya paja, na hudhoofika kwanza kabla ya kukomaa. Wataalamu wengi hushauri angalau miezi 9, tena baada ya kupimwa nguvu za miguu yote miwili.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikabana ghafla, hayo si ya mazoezi tena: huenda damu imeganda. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, na kwa bajaji, si kwa kudandia bodaboda.